Kumtumaini na Kumtii Mungu Wakati wa Wasiwasi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ushirika wetu hukutana kila Jumatano jioni katika nyumba ya ghorofa ya tatu huku Umoja, Nairobi. Kuna chai, na mandazi kama kuna aliyepitia kibandani. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiandika maswali ya watu nyuma ya daftari la mahudhurio, na ukiyasoma kwa mfululizo unaona ni yale yale, yanabadilisha nguo tu. Nimeyakusanya hapa. Anayejibu ni mzee wa ushirika wala si msomi wa theolojia, kwa hiyo penye maoni yangu nitasema ni yangu.

## Mambo ya msingi

1. Je, kuwa na wasiwasi ni dhambi?

Anayeuliza hivi kwa kawaida amekuwa akijishtaki kwa wiki nzima. Wasiwasi kukujia si dhambi. Utakachofanya ukiburutwa nao ni habari nyingine.

Bwana Yesu mwenyewe kule Gethsemane alihuzunika hadi jasho lake likawa kama matone ya damu (Luka 22:44). Naye Paulo, aliyewaandikia Wafilipi wasijisumbue kwa neno lolote, tena akiwa kifungoni, anawaambia Wakorintho kwamba kila siku analemewa na shughuli ya makanisa yote (2 Wakorintho 11:28). Kwa Kigiriki neno la msingi pande zote mbili ni lile lile, merimna, yaani mahangaiko. Tena katika barua ile ile ya Wafilipi anamsifu Timotheo kwa kitenzi cha neno hilo hilo: hakuna mwingine atakayewajali kama yeye (2:20). Kinachokatazwa basi si kujali. Ni kuubeba mzigo kana kwamba hauna mwenyewe.

Neno letu "wasiwasi" lilitoka katika Kiarabu, na asili yake ni minong'ono. Nadhani waliolileta waliijua saa tisa ya usiku.

2. Kumtumaini Mungu ni kufanya nini hasa?

Imani, amini na amana ni maneno ya ukoo mmoja. Amana ni kitu ulichomkabidhi mtu akutunzie. Mama mboga akifika Muthurwa alfajiri, humwachia mwenzake gunia la sukuma wiki na kuingia ndani kutafuta nyanya. Hapigi simu kila dakika kuuliza kama gunia lipo. Lakini pia hawezi kudai ameliacha huku amelishika ncha.

Watu wengi wanasubiri wahisi utulivu ndipo waseme wanamtumaini Mungu. Zaburi 56:3 haikusubiri: "Siku ya hofu yangu nitakutumaini Wewe." Hofu na tumaini vimekaa siku moja, mstari mmoja. Yule baba mwenye mtoto mgonjwa katika Marko 9:24 alisema anaamini, kisha papo hapo akaomba asaidiwe kutokuamini kwake. Mtoto aliponywa.

3. Na utii unaingia wapi? Si ningetulia kwanza?

Hapa ndipo ninapotofautiana na mahubiri mengi niliyosikia. Tunaambiwa tupate amani kwanza, kisha tutende. Katika Biblia mara nyingi mtu anatenda akiwa bado anatetemeka. Petro alikesha ziwani bila samaki hata mmoja, akamwambia Yesu hivyo waziwazi, kisha akasema: "lakini kwa neno lako nitazishusha nyavu" (Luka 5:5). Hatuambiwi kwamba alikuwa na amani. Tunaambiwa alizishusha.

Nitaeleza yaliyonipata. Mwaka mmoja kampuni niliyokuwa karani wake wa stoo, kule Industrial Area, ilitupunguza watu kumi na mmoja asubuhi moja. Bahasha ilikuwa na mshahara wa mwezi mmoja. Kwa siku nne niliendelea kutoka nyumbani nikiwa nimevaa shati la kazi, nikaketi Uhuru Park hadi jioni. Usiku wa nne nilifungua daftari la mtoto jikoni nikapiga mstari katikati ya ukurasa. Upande wa kulia niliandika yasiyo yangu: kama nitapata kazi, mwenye nyumba atasema nini baada ya miezi mitatu, karo ya muhula wa pili. Ulijaa. Upande wa kushoto niliandika ya kwangu, ya kesho asubuhi tu. Yalikuwa matatu: kumwambia mke wangu ukweli, kumpigia mwenye nyumba kabla hajanipigia, na kurudisha ufunguo wa stoo.

Ule ufunguo ulinisumbua kuliko yote. Nilikuwa nimetoka nao mfukoni, nikiwa na hasira, na ndani mle mlikuwa na bidhaa ambazo bei zake nazijua kwa kichwa. Asubuhi niliupeleka. Mlinzi aliupokea getini bila kuniangalia usoni, akautupa kwenye droo. Hakuna muujiza uliofuata. Nilikaa miezi saba bila kazi. Lakini usiku ule nililala, na mke wangu alikuwa anajua.

Sijapata kuona namna bora ya kuisoma Mathayo 6:34, ile ya "msisumbukie ya kesho". Kesho huwezi kuitii. Agizo unalo la leo tu.

## Kodi, karo na madeni

4. Tarehe tano imefika na sina kodi ya nyumba. Nimtumaini Mungu vipi?

Usijifiche. Mwenye kukwepa msimamizi wa ploti hurudi saa sita za usiku, huzima taa, huwaambia watoto wanyamaze, na mwishoni anaikuta kufuli ya pili mlangoni hata hivyo. Piga simu mapema, taja kiasi ulicho nacho na siku utakayoongeza, na usitaje siku ambayo wewe mwenyewe huiamini.

Kisha waambie watu. Soma 2 Wafalme 4:1-7 polepole. Mjane ana deni, na mdai anataka kuwachukua wanawe wawe watumwa. Elisha anamwuliza ana nini nyumbani, kisha anamtuma kwa majirani akaazime vyombo vitupu, tena visiwe vichache. Maana yake mtaa mzima ulijua mama huyu amekwama. Mafuta yalipopatikana, agizo lilikuja kwa mpangilio: uza, lipa deni, kinachobaki mle. Kuna ndugu wanaomwombea Mungu afungue milango huku chama chao wenyewe cha akiba hakijui wana shida.

5. Nimezama kwenye mikopo ya simu. Nimemkosea Mungu?

Kukopa si dhambi. Kukopa huku ukijua hutalipa ni uongo, na kukopa huku ili kulipa kule ni shimo tu. Orodhesha madeni yote kwenye karatasi, hata yale ya aibu, umwonyeshe mtu mmoja unayemwamini. Tangu 2022 wakopeshaji wa simu wanatakiwa kuwa na leseni ya Benki Kuu ya Kenya, kwa hiyo angalia kama huyo anayekutishia yumo katika orodha yao. Wakati wa kulipa, anza na deni linalokua haraka kuliko mengine. Hiyo nayo ni ibada, ingawa haiimbwi.

6. Nichukue Fuliza (mkopo wa M-Pesa) nitoe fungu la kumi, au "nipande mbegu" ili nifunguliwe?

Hapana. Fungu la kumi hutoka katika ulichopata, na deni si mapato. Paulo aliandika kwamba mtu hukubaliwa "kwa kadiri ya alivyo navyo" na si kwa asivyo navyo (2 Wakorintho 8:12). Anayekuambia ukope ili ubarikiwe, mwulize kama atakusaidia kulipa.

7. Nikiweka shilingi mia kwenye kamari na kuomba, Mungu hawezi kuitumia njia hiyo?

Ibilisi pia alimnukulia Yesu andiko akiwa juu ya kinara cha hekalu. Jibu lililotolewa pale linatosha: usimjaribu Bwana Mungu wako (Mathayo 4:7).

8. Nimeambiwa nitoe kitu kidogo, yaani hongo, ndipo nipate kazi. Watoto wanalala njaa. Nifanye nini?

Swali hili huulizwa kwa sauti ya chini, na aliyeshiba asilijibu haraka.

Mfalme Sauli aliagizwa amngojee Samweli siku saba kule Gilgali (1 Samweli 13). Siku ya saba ikafika, nabii hayupo, Wafilisti wanazidi, na askari wanamponyoka mmoja mmoja. Akatoa dhabihu mwenyewe. Alipomaliza tu, Samweli akatokea. Kinachonigusa ni kwamba sababu za Sauli zote zilikuwa za kweli. Askari walikuwa wanaondoka kweli, na adui alikuwepo kweli. Hofu haihitaji uongo ili ikupotoshe. Inatumia ukweli nusu, inaacha nje ile nusu yenye Mungu.

Huku kwetu tuna mfano wa karibu zaidi. Baada ya hali ya hatari kutangazwa mwaka 1952, ndugu wa uamsho kule Kenya ya kati walikataa kula kiapo cha Mau Mau, na wengi wakakataa pia kushika bunduki za mkoloni. Walichukiwa na pande zote mbili, na baadhi yao waliuawa. Hawakuwa na hakika ya kuokolewa. Walikuwa kama wale vijana watatu wa Danieli 3:18, waliomwambia mfalme "bali kama si hivyo", yaani hata Mungu asipowatoa motoni, hawataisujudia sanamu.

Kwa hiyo sikuahidi kwamba ukikataa hongo utapata kazi bora zaidi. Huenda nafasi ikaenda kwa mwingine. Ninachosema ni kwamba ushirika unaokuhimiza ukatae unapaswa kukuletea unga wiki hiyo hiyo. Usipofanya hivyo umekutwika msalaba na kwenda zake. Na kama ulishatoa, tubu, usijenge hema hapo. Zakayo alianza upya akiwa mtu mzima.

## Mwili na akili

9. Usiku silali. Nikemee pepo?

Omba, ndiyo. Lakini tazama Mungu alivyomtendea Eliya katika 1 Wafalme 19. Nabii amemkimbia Yezebeli, amelala chini ya mretemu, anaomba afe. Malaika hakumkemea wala hakumhubiria. Alimgusa, akampa mkate na maji, akamwacha alale tena, kisha akampa chakula mara ya pili. Maswali na maagizo yalikuja baadaye, kule Horebu.

Kwa hiyo kula. Weka simu mbali na kitanda, hasa kama ndiyo inayoleta ujumbe wa wadai. Kinachokuzunguka kichwani kiandike (mstari wa katikati wa swali la 3 hufaa hapa), kisha ukiseme kwa Mungu kwa jina lake. "Bwana, elfu sita na mia tano" ni ombi kamili.

10. Kwenda kwa mshauri au daktari wa akili ni kukosa imani?

Hapana. Luka alikuwa tabibu (Wakolosai 4:14), na Paulo alimshauri Timotheo atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake, hakumwambia aombe tu. Kwa Nairobi jina "Mathari" limegeuzwa tusi, na ni hasara kubwa, kwa sababu hospitali ile ya rufaa iliyo Barabara ya Thika huwatibu watu wa kawaida kabisa wanaoingia asubuhi na kurudi nyumbani jioni. Ikiwa moyo unadunda bila sababu, hamu ya kula imekwisha, au huwezi kufanya kazi kwa wiki kadhaa, nenda. Kama umeandikiwa dawa, usiziache kwa sababu umeombewa. Mwachie daktari aseme.

Ukianza kufikiria kujiua, usingoje Jumatano. Mwambie aliye karibu sasa hivi, au piga 1199, nambari ya bure ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya.

11. Nifunge ili Mungu anisikie haraka?

Kufunga ni kuzuri, ila si kumgomea Mungu chakula mpaka akubali. Mwenye kisukari, vidonda vya tumbo, mimba au dawa za kila siku asifunge bila kumwuliza daktari. Kuhusu kufunga kwa kuagizwa na mtu, tazama swali la 13.

## Sauti nyingi

12. Nitajuaje kama ni Mungu anayesema au ni hofu yangu?

Sina kipimo cha uhakika. Kwa niliyoyaona, hofu huja na haraka na jambo lenyewe halielezeki: "kuna kitu kibaya kitatokea." Agizo la Mungu mara nyingi ni dogo na la aibu kidogo, kama kumwomba jirani msamaha. Linalopingana na Maandiko si lake hata likija na machozi. Lililobaki lipeleke kwa watu wawili watatu waliokomaa, ambao hawatapata faida yoyote kwa uamuzi wako. Hilo la mwisho lishike sana.

Pia usichukue mstari kutoka kioo cha nyuma cha matatu na kuufanya mkataba. Yeremia 29:11, ule wa "mawazo ya amani", uliandikiwa mateka wa Babeli, na mstari ulioutangulia unawaambia wangoje miaka 70. Wakati huo wajenge nyumba na kupanda bustani.

13. Mchungaji ameniagiza jambo. Nikikataa nimemwasi Mungu?

Mheshimu mchungaji wako. Lakini yeye si Mungu, na agizo lake lapaswa kupimwa kama lilivyopimwa la Paulo mwenyewe, ambaye watu wa Beroya waliyachunguza Maandiko kila siku waone kama asemayo ndivyo yalivyo (Matendo 17:11). Wakasifiwa.

Mwaka 2023, kule Shakahola kaunti ya Kilifi, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya waumini, watoto wakiwemo, wengi wao wakiwa wamefunga hadi kufa ili wakutane na Yesu. Wengi wao walikuwa wakitafuta kutii. Ndiyo maana sipendi kusikia neno "utii" likitajwa bila kusema ni kwa nani. Ukiagizwa uache dawa, uuze shamba, ukate uhusiano na wazazi, au usimwambie mtu yeyote, toka nje kwanza. Utafikiria ukiwa nje.

14. Mume wangu ananipiga. Wakina mama kanisani wanasema nivumilie na kutii.

Dada, toka ukae mahali salama, wewe na watoto. Daudi alimheshimu Sauli kama mpakwa mafuta wa Bwana, lakini mkuki uliporushwa hakusimama pale kuonyesha heshima. Alikimbia (1 Samweli 19:10). Kusamehe ni jambo la moyo na lina muda wake. Kuripoti polisi si kukosa msamaha.

## Yasiyo na jibu jepesi

15. Nilitii, na mambo yakaharibika zaidi. Kwa nini?

Si lazima uwe umekosea njia. Musa alipotii na kwenda kwa Farao, matokeo ya kwanza yalikuwa Waisraeli kunyimwa majani na kudaiwa matofali yale yale (Kutoka 5). Wasimamizi wa Waisraeli walimlaumu, naye akamrudia Mungu akiuliza kwa nini amemtuma. Yeremia alisema alichoambiwa, akazamishwa matopeni kisimani.

Mafuriko ya Aprili 2024 yalipoingia nyumba za Mathare, mama mmoja wa ushirika wetu alipoteza cherehani aliyoinunua kwa kuweka akiba ya chama, wiki chache baada ya kuacha biashara ya pombe haramu kwa ajili ya dhamiri. Aliniuliza swali hili akiwa ameshika kile kikanyagio cha chuma, kikiwa kimejaa tope. Sikuwa na jibu. Tulisoma Zaburi 88, ambayo huanza kwa kilio na kuishia gizani bila shangwe yoyote mwishoni. Alisema, "Kumbe hii nayo imo." Tukamchangia cherehani nyingine baada ya miezi mitatu, ya mkono wa pili kutoka Gikomba. Bado hajui kwa nini, na mimi pia.

16. Nimwambie nini mwenzangu mwenye wasiwasi?

Machache. Marafiki wa Ayubu walifanya vizuri zile siku saba walizoketi naye chini kimya. Waliharibu walipofungua midomo. Nauli, unga na kukaa na watoto wake jioni moja vinazidi "Mungu ni mwema" la kwenye simu (Yakobo 2:15-16).

17. Nilipata nilichoomba. Mbona wasiwasi haujaondoka?

Swali hili lilinishangaza mara ya kwanza. Siku hizi naliona ni la kawaida kabisa. Mana ilishuka kila asubuhi, Waisraeli waliiona kwa macho yao, na bado wako walioibakiza hadi asubuhi. Ikatoa mabuu na kunuka (Kutoka 16:20). Mwili uliozoea uhaba hauamini haraka kwamba kesho itakuwepo pia.

Dada mmoja kwetu amelipa kodi kwa wakati kwa miaka miwili sasa. Bado akisikia funguo zikigongana kwenye ngazi hunyamaza katikati ya sentensi, na kwa muda mrefu alitembea na risiti zote kwenye mkoba, zimefungwa kwa mpira. Hatukumkemea. Tulikubaliana kwamba kila tarehe tano, akishalipa, ataacha risiti moja ya zamani nyumbani, ndani ya kopo la chai. Mwezi uliopita mkobani zilikuwa zimebaki nne.